Amana ya Mwenye Kuwafundisha Watu Wazima

Mtu mzima akielekezwa jambo akalitenda kinyume, ni nani mwenye kosa: aliyeelekeza au aliyeelekezwa? Wengi wetu hujibu upesi kuwa kosa ni la mwanafunzi, kwani hakusikiliza. Lakini tukitazama mwenendo wa Mtukufu Mtume s.a.w. tutaona ya kuwa hukumu hiyo si ya kutolewa kwa haraka.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba ilipoteremka aya ya Sura Al-Baqara itajayo uzi mweupe na uzi mweusi katika habari za saumu, Adi bin Hatim r.a. alitwaa kamba mbili, nyeupe na nyeusi, akaziweka chini ya mto wake. Usiku akawa anazitazama, wala hazikumpambanukia. Kulipokucha alikwenda kwa Mtume s.a.w., naye akambainishia kuwa makusudio ni giza la usiku na weupe wa mchana. Adi hakuwa mjinga. Alikuwa mkuu katika kabila la Tayy. Alilifahamu neno kama alivyolizoea maishani mwake.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya mtoto na mtu mzima. Mtoto huja darasani na maneno machache. Mtu mzima huja na maneno yaliyokwisha jaa maana za shambani, sokoni na baharini. Tena mtu mzima ana heshima ya kuilinda. Asipofahamu, aghalabu hunyamaza.

Mimi mwenyewe nililijua hili kwa majuto. Katika darasa la jioni niliwaambia wanafunzi waandike majina yao juu ya mstari. Mzee mmoja akaliandika lake kwenye ukingo wa juu wa karatasi, mbali na mstari wo wote. Wenziwe wakacheka, nami nikamwambia kuwa hasikilizi. Hakurudi tena. Baadaye nilitambua kuwa ndege yu juu ya nyumba akitua batini, na yu juu ya nyumba vile vile akipita angani. Mzee yule alilitii neno langu. Mimi ndimi niliyeshindwa kusema. Mstari mmoja wa chaki ubaoni ungalitosha. Je, akifa bila ya kuweza kujisomea barua ya mwanawe, sembuse Kurani Tukufu, mimi nitajibu nini?

Huenda mtu akasema kuwa kumweleza mtu mzima kila hatua ni kumfanya mtoto. Sivyo. Imepokewa pia kwamba mtu mmoja alisali msikitini pasipo utulivu, na Mtume s.a.w. akamrudisha asali tena, hata mara tatu. Ndipo yule mtu mwenyewe alipokiri kuwa hajui zaidi ya hapo, akaomba afundishwe. Basi Mtume s.a.w. akampangia jambo baada ya jambo: takbira, kisomo, kurukuu kwa utulivu, kuinuka, kusujudu. Aliingoja hiari ya mtu mzima, kisha hakumwachia fumbo. Heshima na ubainifu vilikwenda pamoja.

Hata katika mambo ya dunia ndivyo ilivyo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima katika Tanzania, na mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Hawakuachiwa neno "usafi" likielea hewani; walijua mkono uanzie wapi.

Basi kila mwenye kufundisha, awe mwalimu wa kisomo au mhubiri, na aseme jambo moja kwa wakati mmoja, alionyeshe kwa kitendo, kisha amwombe mwanafunzi alieleze kwa maneno yake mwenyewe. Asiulize tu, "Mmefahamu?" kwani aonaye haya atajibu "Ndiyo". Na kosa likitokea, kwanza aupime ulimi wake mwenyewe kabla ya kuyapima masikio ya mwenziwe. Elimu ni amana, na amana isiyomfikia mwenyewe bado ingali shingoni mwa aliyeichukua.

Mwenyezi Mungu atujalie ndimi zenye kubainisha na nyoyo zenye subira. Amin.