Taazia Kabla ya Sheria

Karibu na mji mdogo wa Victor, katika jimbo la New York huko Marekani, pana kilima cha nyasi ndefu kiitwacho Ganondagan, ambapo katika karne ya 17 taifa la Seneca lilikuwa na mji wake mkubwa, na ambapo leo pana makumbusho ambayo sehemu yake kubwa haina dari ila mbingu. Mgeni hufuata njia za miguu zilizokatwa nyasini, akisoma vibao, hata akafika mbele ya nyumba ndefu iliyojengwa kwa mfano wa zile za kale na kufunguliwa mwaka wa 1998. Nyumba za namna hiyo zilisimamishwa kwa miti na kuvikwa maganda ya mti. Ndani yake moto uliwashwa katikati, kila moto ukishirikiwa na familia mbili zilizolala huku na huku, moshi ukipanda kwenye matundu ya paa, na mahindi yaliyosukwa kwa maganda yake, kama nywele za bibi arusi, yakining'inia juu ya vichwa vya waliolala.

Haudenosaunee, ndivyo wanavyojiita Seneca na mataifa wenzao, na maana yake ni watu wa nyumba ndefu. Nchi yao nzima waliifikiri kuwa nyumba moja: Mohawk bawabu wa mlango wa mashariki, Seneca wa mlango wa magharibi, Onondaga mtunza moto wa katikati, na Oneida na Cayuga baina yao; Tuscarora walikuja kuongezwa karne ya 18. Mimi huiona nyumba hiyo kuwa jawabu la suala ambalo wanafalsafa wamelisumbukia tangu kale, yaani, sheria huanza wapi? Wako waliosema huanza katika hofu, kwamba watu walichoka kuogopana wakamkabidhi mmoja upanga. Na wako waliosema huanza katika amri ya mwenye nguvu. Watu wa nyumba ndefu husema huanza matangani.

Masimulizi yao yaeleza kwamba hapo zamani mataifa matano yalikuwa yakiuana kwa visasi visivyokoma, damu ikidai damu, na katika zama hizo mtu mmoja aitwaye Hiawatha alifiwa na binti zake mmoja baada ya mmoja, dunia ikamwia chungu, akatoka mjini akaingia mwituni peke yake. Huko akaokota makome, akayatunga katika nyuzi, akazitundika kwenye ufito mbele yake, akawa akinena kwamba laiti angemwona mtu mwenye huzuni nzito kama yake, angezitwaa nyuzi hizi amfariji kwazo. Siku zikapita, nyuzi zikabaki palepale. Ndipo akatokea yule ambaye wazee wao, kwa taadhima, hawalitaji jina lake ovyo, nami nitamwita Mpatanishi. Akazitwaa nyuzi zile zile, akamwambia Hiawatha maneno yale yale ambayo Hiawatha aliyatunga kwa ajili ya mwingine, na akili ya mfiwa ikarejea mahali pake.

Kila nikilifikiri jambo hili hustaajabu. Dawa alikuwa nayo mwenyewe, kaitengeneza kwa mikono yake, naye hakuweza kuinywa mpaka itoke katika kinywa cha mtu mwingine. Sisi tuliolelewa kuamini kwamba akili ni milki ya mtu binafsi, na kwamba subira ni kazi ya moyo mmoja ulio imara, twaambiwa hapa kwamba akili njema ni amana iliyowekwa kwa jirani. Na kwa kweli Mswahili hili analijua kwa matendo hata asipolitamka: siku za msiba jiko la mfiwa halina moto, majirani ndio wapikao, na hakuna anayemwona mfiwa kuwa dhaifu kwa kulishwa.

Tofauti ni kwamba wao waliifanya taazia kuwa katiba. Mgeni aliyekuja kwa msiba hakuingia mjini moja kwa moja. Aliwasha moto ukingoni mwa msitu, akangoja, kama sisi tupigavyo hodi, mpaka wenyeji watoke kumlaki kwa maneno matatu: la kumfuta machozi ili aone, la kumzibua masikio ili asikie, la kumsafisha koo ili aseme. Baada ya hayo ndipo mashauri yaliponenwa. Na afapo mmoja wa wakuu 50 wa baraza, mataifa hugawanyika pande mbili, upande wenye akili timamu ukaufariji upande uliofiwa, kisha mkuu mpya, aliyechaguliwa na mama wa ukoo, huinuliwa kwa jina la cheo cha marehemu.

Kila neno huandamana na uzi wa makome, meupe na ya zambarau. Wazungu walipoyaona waliyafanya fedha, kama vile simbi zilivyokuwa fedha bara kwetu. Kwa wenyewe uzi huo ulikuwa ndio ushahidi wa kwamba neno limesemwa kwa dhati. Mikanda ya makome iliyokaa miaka mingi mikononi mwa makumbusho ya jimbo la New York ilirejeshwa kwa Onondaga mwaka wa 1989, mikanda 12, nami naona ilikuwa haki, maana taazia iliyofungiwa kabatini haimfuti mtu machozi.

Sitawafanya kuwa malaika. Katika karne ile ile ya 17 walipigana vita vikali na jirani zao, na aghalabu kisa kilikuwa matanga: ukoo uliofiwa ulidai mateka wa kujaza pengo, wengine wakauawa, wengine wakapewa majina ya marehemu na kuwa ndugu kamili. Hilo halivunji fikra yao. Lathibitisha walijua vyema huzuni isiyofutwa humfikisha mtu wapi.

Mwezi wa Julai 1687 jeshi la Wafaransa chini ya gavana Denonville lilifika Ganondagan. Mji ukateketea, na kwa siku kadhaa askari wakafyeka mahindi mashambani na kuharibu akiba ya ghalani, ili njaa imalize ambacho risasi haikukifikia. Siku hizi mahindi meupe ya asili ile ile hulimwa tena hapo Victor. Wakati wa mavuno watu huketi pamoja wakimenya, wakiacha maganda machache kwenye kila gunzi, na kuyasuka.