Nani Anangoja?

Kahawa hungoja. Tunda jekundu likishachumwa, likafikishwa kiwandani siku hiyohiyo, likamenywa, likaoshwa na kuanikwa mpaka likakauka, buni yake hukaa ghalani miezi bila kuoza. Miraa, vikonyo vya kutafuna, haingoji. Iliyochumwa Igembe alfajiri ina kama saa 48 tu kabla ya kunyauka na kuwa takataka. Mazao haya mawili hulimwa katika kaunti moja ya Meru, na yametendewa tofauti kabisa. Tofauti hiyo ndiyo ninayoishika kila ninaposikia watu wakibishana kwa nini mataifa mengine yana neema na mengine hayana.

Wakubwa wa fikra wamelishughulikia swali hili tangu zamani. Ibn Khaldun, katika Muqaddimah aliyoiandika mwaka 1377, alieleza jinsi dola changa inavyotoza kodi ndogo ikapata mapato mengi, na dola iliyochakaa ikatoza kodi nzito ikaambulia kidogo, kwa kuwa watu wamekata tamaa ya kujishughulisha. Mwaka 2024 Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kuonyesha kwamba neema ya taifa hutegemea taasisi zake. Sina ugomvi nao. Ila jibu lao limekaa juu mno kwa mkulima wa Runyenjes, kule Embu, na mimi nataka kulishusha hadi shambani kwake kwa swali moja: katika nchi hii, nani humngoja nani?

Historia ya kahawa ni historia ya kungojeshwa. Walowezi walikuwa wakivuna tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, huku Mwafrika akizuiwa kupanda. Kanuni za mwaka 1934 zilipofungua mlango, ziliufungua kidogo: Kisii, Embu na Meru tu, tena kwa miche ya kuhesabiwa. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kahawa ilienea, vyama vya ushirika vikajengwa, na jalidi ilipoteketeza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya miaka miwili iliyofuata ilisomesha watoto na kujenga nyumba za mawe miteremkoni mwa Mlima Kenya. Ni kweli kwamba bei ya dunia iliporomoka mkataba wa kimataifa wa kahawa uliposambaratika Julai 1989. Lakini bei peke yake haielezi uchungu uliowakaa watu wa Meru na Embu.

Tazama karatasi ya malipo ya mkulima. Juu kumeandikwa kilo alizopeleka. Chini kuna makato: mbolea, dawa, mkopo wa chama, usafirishaji, ukoboaji, ada ya wakala, riba. Kila mkono uliogusa gunia umeshachukua chake, na kinachosalia, miezi mingi baada ya mavuno, ndicho cha mwenye shamba. Kwa muda mrefu sheria ilimkataza hata kung'oa mibuni yake bila kibali. Hebu tulifikirie hilo kwa makini. Mtu anaambiwa shamba ni lake, hati anayo, kodi analipa, lakini hana ruhusa ya kuacha biashara inayomtia hasara. Asiyeweza kuondoka hahesabiwi kuwa mshirika, na asiyehesabiwa hulipwa mwisho. Wengi waliyaacha mashamba yao yakamezwa na magugu, wengine wakang'oa usiku. Kenya iliyotoa takriban tani 130,000 za kahawa msimu wa 1987/88 leo haifikishi hata nusu yake.

Sasa nenda kwenye miraa, mjini Maua, asubuhi. Vijana wameshashuka mitini na vikonyo vyekundu. Uani watu wameketi wakichambua kwa urefu na ulaini, wanafunga vibunda kwa nyuzi za mgomba, kisha wanavivika majani ya mgomba yenye umande ili visikauke. Pikapu inanguruma nje, na dereva haombwi kuharakisha. Mzigo mwingi huondoka kwa mali kauli, yaani kwa neno la mdomo kati ya mkulima, wakala na muuzaji wa Eastleigh ambaye huenda mkulima hajawahi kumwona. Deni huhesabiwa kwa siku. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha husafiri kasi kuliko pikapu.

Sidai kwamba wafanyabiashara wa miraa ni waadilifu kuliko makarani wa kahawa. Wamo wenye hila, na wakulima wamelalamika mara kwa mara juu ya mawakala wachache wanaojipangia bei. Ninachosema ni kwamba mzigo usioweza kungoja umempa mkulima heshima ambayo hakuna waziri aliyempa. Asipolipwa leo, kesho miti yake itachumwa na mnunuzi mwingine. Uaminifu hapa unatokana na uwezo wa kila upande kugeuka na kwenda zake, pamoja na haja ya wote wawili kukutana tena keshokutwa.

Je, basi serikali ikae kando tu? Hapana, na miraa yenyewe ndiyo shahidi. Uholanzi iliipiga marufuku Januari 2013. Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014, ingawa baraza lake lenyewe la wataalamu wa dawa za kulevya lilikuwa limeshauri isifanye hivyo. Somalia ilifunga soko Machi 2020 na kulifungua tena Julai 2022. Kila mara, amri iliyotiwa sahihi mbali iliwafikia wakulima wa miraa wa vilima vya Nyambene. Biashara iliyojengwa kwa neno la mdomo ina nguvu ndani yake, lakini haina ukuta wa kuikinga na walio nje.

Mei 2024 zamu ilikuwa ya Embu. Gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, ndugu wa miraa, majani yanayolisha familia nyingi za Mbeere, na kaunti nyingine za Pwani zikaungana naye. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri hiyo kwa muda. Mama wa Kisauni anayemwona mwanawe akitafuna kutwa nzima bila kazi ana haki ya kusikilizwa, na sitamwita adui wa biashara. Jamii ina haki ya kuamua kwamba kitu fulani kinaiumiza. Lakini namna ya kuamua ni sehemu ya haki yenyewe. Sheria inayojadiliwa waziwazi, ikatoa muda, ikamsikiliza mpandaji na mzazi, humwezesha hata anayeshindwa kupanga maisha yake. Amri ya siku moja humfanya kila mwenye shamba aogope kupanda chochote kinachochukua miaka mitatu kuzaa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na vipimo tulivyozoea kujivunia. Ripoti ya Benki ya Dunia ya wepesi wa kufanya biashara iliipa Kenya nafasi ya 56 duniani mwaka 2020. Ripoti ile ilipima Nairobi, jiji kubwa kuliko yote nchini. Haikuuliza Chuka, Siakago wala Mikinduri. Septemba 2021 benki iliifuta kabisa baada ya takwimu za nchi kadhaa kubainika kuchezewa. Kusajili kampuni haraka ni jambo jema. Lakini nchi rafiki wa biashara ni ile ambamo mwenye nguvu ndiye anayebanwa na tarehe: wizara, kaunti, wakala, mnunuzi mkubwa. Pale ambapo mnyonge ndiye anayengoja, neema hujikusanya kwa wachache, na vijana wenye akili hujifunza kwamba faida iko kwenye kumiliki mlango, si kwenye kulima.

Mfano upo karibu: madeni ya kaunti kwa wakandarasi na wauzaji wadogo yamekuwa donda nchi nzima, na mswada wa kulazimisha malipo ya haraka umewahi kufikishwa Bungeni bila kuwa sheria. Kwa hiyo, msomaji wa Meru na Embu, wagombea watakapokuja kukuomba kura mwaka 2027, usiwaulize watajenga nini. Waulize siku ngapi zitapita kati ya mtu kushusha kokoto kwenye barabara ya kaunti na kulipwa, na nani atawajibishwa siku hizo zikipita.