Maji ya Mto na Maji ya Mwavi

Masomo: Kutoka 21:26-27, Kumbukumbu la Torati 19:15-19, Marko 3:22-27.



Maandiko Matakatifu yaanza kutaja mito tangu sura ya pili. Katika mito minne ya Edeni, miwili, yaani Hidekeli na Frati, ingali yapita hata leo katika nchi ya Iraki. Abrahamu alitoka Uru, mji wa bonde la Frati. Yusufu aliuzwa akapelekwa bonde la Nili, na Musa aliwekwa juu ya maji yake ndani ya kisafina. Watu wa Yuda walipohamishwa walikalishwa penye mifereji ya Babeli, na Ezekieli aliitiwa huko kazi ya unabii, karibu na mto Kebari. Basi mtu atakaye kuyafahamu Maandiko hana budi kuwafahamu kidogo watu wa mabonde hayo, jinsi walivyokaa, jinsi walivyotawaliwa, na jinsi walivyoabudu. Mwezi huu twataka kuwaandikia habari hiyo, kwa maana ina neno kubwa kwetu sisi wa Ufipa, kama mtakavyoona mbele.

Mto huleta matope mazuri, na shamba lisilochoka hulisha watu wengi mahali pamoja. Lakini mto huleta gharika pia, na mtu mmoja hawezi kuchimba mfereji wala kujenga boma la kuzuia maji. Yahitajiwa watu mia, na mia hao wahitaji msimamizi, na msimamizi ahitaji ghala ya kuwalisha, na ghala yahitaji karani. Hivyo ndivyo zilivyopata nguvu enzi za kale za Sumeri na Misri, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Katika mji wa Uruku zimechimbuliwa mbao za udongo zenye maandishi ya kwanza kabisa ya nchi ile, nayo si sala wala nyimbo, ni hesabu za shayiri, pombe na kondoo. Makarani waliwatangulia manabii. Watunza hazina wa sharika zetu watafurahi kusikia hayo.

Kila mji ulikuwa na mungu wake, na nyumba ya mungu ilikuwa na mashamba, mifugo na watumwa. Katika Sumeri mfalme alihesabiwa kuwa msimamizi wa mungu wa mji. Katika Misri Farao mwenyewe alihesabiwa kuwa mungu. Watu wa bonde la Indusi walijenga miji ya matofali yenye mifereji ya maji machafu katika kila njia, lakini maandishi yao hayajasomwa na mtu hata leo, basi imani yao tuiache. Wafalme wa Uchina, karibu na Mto wa Manjano, miaka 1,250 hivi kabla ya Kristo, walichoma mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe, wakasoma nyufa zake ili kuwauliza wazee waliokufa habari za mvua, mavuno na vita. Hata mfalme alipoumwa jino, waliuliza ni mzee gani aliyekasirika. Mnacheka? Ni nani kwetu asiyesikia swali hilo likiulizwa mtoto anapougua?

Sisi hatuna mto wa namna ile. Mito ya uwanda wetu ni mifupi. Mingine yashuka Ziwa Tanganyika, mingine yashuka Ziwa Rukwa, ambalo maji yake hayana njia ya kutokea. Mto Kalambo, mpakani petu na Zambia, waanguka zaidi ya mita 200 katika bonde lake. Juu ya maporomoko hayo wataalamu wamechimbua magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa mikono ya watu, nao walitangaza mwaka 2023 kwamba umri wake wapata miaka 476,000. Tusidhani basi kwamba nchi hii ilikuwa tupu mpaka wageni walipofika. Wazee wetu hawakuchimba mifereji, bali walifukia majani chini ya matuta yakaoza na kuilisha mbegu. Walijenga malungu, yale matanuru marefu kupita kimo cha mtu, wakayeyusha mawe ya chuma pasipo mivuo, kwa upepo uliovutwa na moto wenyewe. Mengine yangali yamesimama porini, na mavi ya chuma yametapakaa chini yake.

Wafalme pia walikuwapo. Wazee husimulia habari za Milansi, enzi ya kwanza ya Ufipa, na jinsi wanawake wageni wa ukoo wa Watwa walivyofika mwenye nchi akiwa mawindoni, wakakikalia kiti chake. Aliporudi alikuta utawala umekwisha kuondoka mikononi mwake. Lakini Milansi ilibakiwa na heshima ya ukuu katika mambo ya ibada, nao Watwa wakatawala watu, na baadaye nchi ikagawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Twaipenda hadithi hii kwa sababu yaonyesha neno lililo kweli katika Babeli na katika Ufipa pia: atawalaye watu kwa mkuki hutaka tena kujua ni nani awezaye kusema juu ya mambo yasiyoonekana. Maana mwenye neno hilo ndiye amshikaye jirani kwa hofu.

Sasa tufike kwenye kiini chetu. Mwaka 1901 Wafaransa waliochimba katika magofu ya Shushani, mji ule wa Nehemia na Esta, waliliona jiwe jeusi lenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Juu yake imechongwa sura ya mfalme Hamurabi wa Babeli akisimama mbele ya mungu wa jua, na chini yake zimeandikwa sheria zake, ambazo wataalamu wamezihesabu 282. Ziliandikwa yapata miaka 1,750 kabla ya Kristo. Jiwe hilo liko Paris sasa. Na sheria ya pili katika hizo yasema juu ya nini? Juu ya uchawi! Mtu akimshitaki mwenzake uchawi asiweze kuthibitisha, mshitakiwa na aende mtoni ajitupe majini. Mto ukimzamisha, mshitaki huichukua nyumba yake. Mto ukimwokoa, mshitaki huuawa, na mshitakiwa ndiye achukuaye nyumba ya yule.

Ndugu, wazee wetu walikuwa na neno lilo hilo, ila maji yao hayakuwa ya mto. Yalikuwa maji ya mwavi. Gome la mti lilitwangwa, mshitakiwa akanywa. Akitapika, amesafika, asipotapika, alikufa, nao walionusurika walisema, "Mmeona, alikuwa mchawi." Serikali za Wajerumani na za Waingereza zilikataza jambo hilo, na sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ingali sheria ya nchi yetu. Lakini hofu haifi kwa kukatazwa. Katika miaka ya 1930 walitoka Nyasa watu walioitwa Mchape, neno litokalo katika kufua nguo, wakapita nchi kwa nchi mpaka Ufipa. Walikusanya pembe na hirizi, wakauza dawa, wakasema kwamba atakayeinywa kisha akarudia uchawi atakufa. Katika miaka ya 1960 walikuwapo tena, wakiitwa Kamchape, na jina hilo lasikika Kigoma hata siku hizi, pamoja na habari za nyumba zilizochomwa.

Twaomba msomaji afikiri hapa. Ikiwa dawa ile iliifua Ufipa ikatakata katika miaka ya 1930, kwa nini ilihitajiwa tena baada ya miaka thelathini? Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya kumi, awauliza Wayahudi swali hili hili juu ya dhabihu zao: kama zingaliweza kusafisha, zisingalikoma? Kinachorudiwa kila mwaka hakijaondoa kitu. Kristo alitoa mara moja, akaketi.

Hatuandiki haya kwa ajili ya mambo ya kale tu. Waalimu wawili wametuletea habari kwamba vijijini mwao kila nyumba imetakiwa kutoa fedha za kumwita mtu wa kusafisha kijiji, na kwamba washirika wetu wamekwisha kutoa, hata mzee mmoja wa kanisa. Katika kijiji kimoja yuko mjane, mshirika wa Meza ya Bwana, ambaye macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Mtoto wa jirani alikufa kwa homa. Sasa mjane huyo hulala kwa binti yake, kwa kuwa usiku watu walipiga mawe juu ya bati lake. Wasomaji wajua kwamba katika mikoa ya magharibi na ya kandokando ya Ziwa Viktoria wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho kama hayo. Na watu wa mikoa mingine hututania sisi wa Sumbawanga kwa ajili ya uchawi, ingawa wenyeji hueleza kwamba maana ya jina lenyewe ni "tupa uchawi". Tumeutupa wapi, ikiwa twautafuta kila nyumba?

Mwalimu mmoja ameuliza, na swali lake ni la haki: Je, Torati nayo haikuamuru, katika Kutoka 22:18, kwamba mwanamke mchawi asiachwe hai? Imeamuru. Hatutaficha mstari huo, maana wenye mapanga wanaujua. Lakini Torati ile ile, katika Kumbukumbu 19, yakataza mtu kuhukumiwa kwa shahidi mmoja, nayo yaamuru waamuzi wapeleleze sana, na shahidi wa uongo atendewe lile alilokusudia kumtendea ndugu yake. Hayo ni maneno ya baraza la waamuzi mchana, si ya kundi la vijana usiku. Nasi hatukupewa upanga wa Israeli. Tumepewa Neno na Sakramenti.

Mwingine atataja maji machungu ya Hesabu sura ya tano, ambayo mke aliyeshukiwa na mume wake alinyweshwa. Yatazameni vema maji hayo: ni maji, mavumbi ya sakafu ya maskani, na wino uliooshwa. Hayana sumu. Mtu ayanywaye hadhuriki, isipokuwa Mungu mwenyewe atende neno. Lakini mwavi ni sumu, na mto wa Babeli humzamisha asiyejua kuogelea, awe mwema au mbaya. Kwa maji ya Musa mwanamke alikuwa mzima mpaka Mungu aseme. Kwa mwavi alikuwa mfu mpaka tumbo lake lisaidie. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa msomaji mwenye haraka.

Tofauti nyingine ni hii. Kwa sheria za Hamurabi, aliyelitoboa jicho la muungwana alitobolewa lake. Lakini jicho la mtu mnyonge lililipwa kwa fedha, na jicho la mtumwa kwa nusu ya bei yake, nazo zilipewa bwana wa mtumwa. Musa asema mtumwa akipigwa na bwana wake jicho likaharibika, aachwe huru kwa ajili ya jicho lake, hata kwa ajili ya jino lake. Katika Babeli mnyonge alipimwa kwa fedha. Na sisi je? Twaona kwamba anayeshitakiwa uchawi vijijini mwetu si mwenye duka wala mwenye ng'ombe mia. Ni mjane, ni mzee asiye na watoto, ni mtu asiye na wa kumsemea.

Bali katika neno moja Babeli yatushinda, nasi tuone haya. Mpagani Hamurabi alimtia hofu mshitaki: usipothibitisha, utakufa wewe. Kwetu mtu husema neno kisimani, kijiji chawaka moto, naye msemaji huenda shambani kwake kama kwamba hakusema kitu. Amri ya nane yamhusu huyu. Dokta Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, afundisha kwamba haitoshi kutomsingizia jirani. Yatupasa kumtetea na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Watoto wetu wa kipaimara wayajua haya kwa moyo. Wazazi wao wayakumbuke.

Na walionunua dawa ili waonekane safi, wafanana na Wamisri. Hao waliamini kwamba baada ya kufa moyo wa mtu utapimwa katika mizani, upande wa pili ukiwa na unyoya wa haki. Ni fikira nzuri, karibu na kweli. Lakini matajiri waliwekewa kifuani mdudu wa jiwe, aliyeandikwa maneno ya kuuamuru moyo usimshuhudie vibaya mwenyewe. Yaani waliijua hukumu, wakanunua kitu cha kuuziba mdomo wa shahidi.

Bwana wetu mwenyewe alishitakiwa uchawi. Waandishi walishuka kutoka Yerusalemu wakasema ana Beelzebuli, kama Marko aandikavyo. Hakunywa dawa ya kujisafisha, wala hakumtaja mwingine ili aponye nafsi yake. Aliwajibu kwa mfano, akaendelea kuwaponya wagonjwa. Anayemfukuza mjane kwa neno la uchawi na ajue amesimama na nani katika sura ile.

Basi waalimu na wazee wa kanisa wafanye hivi. Mshirika asitoe fedha ya kumwita msafishaji, hata akitishwa kwamba kukataa kwake ni ushahidi wa uchawi wake. Na akitishwa, wazee wawili waende kuketi nyumbani kwake, na mwenyekiti wa kijiji na polisi wapewe habari siku ile ile. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati kabla ya neno lingine lolote, na nauli ikikosekana itolewe katika sanduku la maskini. Mjane yule arudishwe nyumbani kwake mchana, watu wakiona, na wanawake wa usharika walale naye kwa zamu. Aliyekwisha kutoa fedha asitengwe kabla ya kusikilizwa, yule mzee wa kanisa naye vivyo hivyo. Na yeyote aliyetaja jina la mwenzake aitwe mbele ya baraza la wazee, aulizwe mashahidi wake wawili ni akina nani.