Mapenzi ya Mungu na Klempu ya Fundi

Fundi akikatwa vidole na mashine, watu huja kumpa pole na kumwambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi ni seremala hapa Kwa Sadala, pale njia ya Masama inapoachana na barabara kuu ya Moshi na Arusha, na kauli hiyo siikubali.

Ruta, mashine ya kuchonga kingo za mbao, ikifungwa chini ya meza huzungusha kisu chake zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Mbao za mgrevilia tunazouziwa kutoka vihambani zina vifundo. Kisu kikigonga kifundo, ubao usiobanwa huruka, na mkono uliokuwa ukiusukuma huingia kwenye kisu. Kwa hiyo nabana kwa klempu vizuizi vya kuushikilia ubao, na ubao nausukuma kukabili mzunguko wa kisu, si kuufuata. Kipande kidogo sikichongi peke yake: nachonga ukingo wa ubao mrefu, kisha ndipo nakikata.

Kijana ninayemfundisha aliniuliza, "Fundi, si tumesali asubuhi? Kubanabana huku si kumtilia Mungu shaka?"

Nilimwelekeza kwenye Kumbukumbu la Torati 22:8. Ajengaye nyumba mpya anaagizwa azungushie dari ukuta mdogo, asije mtu akaanguka, na damu yake ikadaiwa nyumbani humo. Agizo hilo walipewa watu wa imani, na hawakuambiwa kwamba sala itashika nafasi ya ukuta. Jirani yangu Mwislamu, muuza mbao, akaongeza fundisho la Mtume: ngamia afungwe kwanza, ndipo mtu amtegemee Mwenyezi Mungu.

Naye Yesu, alipoambiwa na Ibilisi ajirushe kutoka kinara cha hekalu, alikataa kumjaribu Mungu. Kumtegemea Mungu ni jambo moja. Kumjaribu ni jingine. Tena ubao ukiruka haumchagui aliyezembea. Unaweza kumpata kijana aliyesimama nyuma, mtoto wa mtu aliyeletwa kwangu ajifunze kazi. Kubana mbao, basi, ni sehemu ya kumpenda jirani.

Yapo nisiyoyaweza: ufa uliojificha ndani ya mti, au chuma cha kisu kilichotoka kiwandani na kasoro. Hayo namwachia Mungu kwa moyo wote. Lakini lililo ndani ya uwezo wa mikono yangu amenikabidhi mimi.

Mafundi wenzangu, tusali, kisha tubane mbao kabla ya kuwasha mashine. Ajali tuliyoweza kuizuia tusimbebeshe Mungu.