Herufi Moja, Mipini Miwili

Rafiki yangu alianza kubeba mabegi ya wachezaji wa gofu hapa Nairobi mara tu alipomaliza shule, na baada ya miaka sita alikuwa akicheza vizuri kuliko wengi aliowabebea. Wanaofuatilia mchezo huu wanajua kwamba hilo si jambo geni. Naye alitamani siku moja acheze Kenya Open, mashindano yanayofanyika tangu mwaka 1967, na fimbo aliyoitegemea ni draiva kuukuu aliyopewa na mwanachama mmoja. Mpini wake ulikuwa wa grafaiti, umeandikwa herufi S.

Miezi mitatu kabla ya mchujo, kichwa cha draiva hiyo kiliingia ufa. Akachanga, akakopa kwa wenzake, akanunua nyingine ya kampuni tofauti. Dukani aliuliza swali moja tu: "Ni S?" Muuzaji akamwonyesha herufi, wakamalizana. Ile ya zamani akaisukuma uvunguni.

Tangu siku ya kwanza mpira ulimkataa. Ulienda chini chini, ukapinda kulia, ukaishia kwenye miti. Hakuushuku mpini hata kidogo, maana S ni S. Alijishuku yeye. Alibadili namna ya kusimama, akabadili namna ya kushika, kisha akaanza kupiga kwa nguvu zaidi, mipira mia mbili kila jioni, mpaka kiwiko kikavimba. Kwenye mchujo alitolewa siku ya kwanza. Aliporudi aliniambia kwamba pengine hakuwahi kuwa mchezaji, alikuwa kedi aliyebahatika kwa muda. Maneno hayo yananiuma hadi leo.

Herufi za ugumu wa mpini huandikwa L, A, R, S na X: L ya wanawake, A ya wazee, R ya kawaida, S ngumu, X ngumu zaidi. Ukiziona utadhani ni vipimo, kama namba za viatu. Sivyo. Kanuni za R&A na USGA, vyombo vinavyotunga sheria za gofu, zinataka mpini upinde sawasawa hata ukiuzungusha upande gani, lakini upinde kwa kiasi gani ndipo uitwe S, hapo zimenyamaza. Kila kampuni huandika S kwa kuilinganisha na R yake yenyewe. Tom Wishon, mbunifu wa fimbo wa Marekani, ametumia miaka mingi kupima mipini ya makampuni mbalimbali kwa njia moja, na vipimo vyake vinaonyesha wazi kwamba S ya huyu inaweza kuwa laini kuliko R ya yule. Bibi yangu hakununua mpini wa jembe bila kuushika na kuuinamisha kidogo. Sisi tunanunua wa maelfu ya shilingi kwa kusoma herufi.

Aliyemfumbua macho rafiki yangu ni mzee mmoja mwenye karakana ndogo ya kutengeneza fimbo. Alikwenda kuiuza draiva.

"Kwa nini unaiuza, kijana wangu?"

"Imenishinda, mzee."

Mzee hakutaja bei. Alimtuma nyumbani akalete ile ya uvunguni. Akang'oa vichwa vyote viwili, akabana mpini wa kwanza kwenye jiliwa, inchi tano kamili za upande wa mshiko, akaning'iniza kilo moja ya sukari kwenye ncha na kupima kwa rula ncha imeshuka kiasi gani. Rafiki yangu akataka kuufunga wa pili haraka aone jibu. Mzee akamzuia. Mipini hiyo ilipishana urefu kwa inchi moja, na inchi moja si kitu kidogo: kwenye mpini uliochomoza inchi 40 hivi nje ya jiliwa, inchi moja ya ziada huongeza kushuka kwa karibu asilimia 8, hata kama ugumu ni ule ule. Basi akatia alama kwenye mipini yote miwili, umbali sawa kutoka kwenye meno ya jiliwa, na sukari ikaning'inia kwenye alama. Asiyejali hatua hii atapata namba, na namba hiyo itampotosha kuliko herufi.

Mpini wa zamani ulishuka milimita 65. Mpya, 58. Herufi ileile, na mmoja mgumu kuliko mwenzake kwa asilimia 12 hivi. Mzee akachomoa pembeni mpini wa R wa kampuni iliyotengeneza ile draiva mpya, akaupima vilevile: milimita 64. Yaani S aliyokulia nayo ilikuwa karibu sawa na R ya hawa wengine.

Hata hapo mzee hakumruhusu afurahi. Alisogeza kila mpini mbele, akaubana katikati, akapima nusu ya ncha peke yake, na huko zile milimita 65 na 64 hazikufanana tena. Mipini miwili inaweza kulingana kwa jumla, mmoja ukalegea karibu na kichwa na mwingine karibu na mikono, na mpira utaijua tofauti hiyo. Karakana zenye mashine huhesabu mitikisiko ya fimbo kwa dakika, takriban 250 kwa draiva nyingi; na kwa kuwa ugumu hufuata mraba wa hesabu hiyo, tofauti ya asilimia 5 ya mitikisiko ni asilimia 10 ya ugumu. Muuzaji akikuambia zimepishana kidogo tu, mwombe namba.

Leo anachezea mpini wa R uliopimwa, na mpira unaruka. Kiwiko kilichukua karibu mwaka kupona. Mwaka huo haurudi, na haukupotea kwa uvivu wake.

Ninaziomba klabu zetu zote: wekeni jiliwa moja, rula moja na uzito wa kilo moja kwenye kibanda cha kedi, na mwacheni kila kijana apime mpini kabla hajalipa.