Usimrudishe Aliyetoroka

Kumbukumbu la Torati 23:15-16 inatuagiza tusimrudishe mtumwa aliyemtoroka bwana wake; akae kwetu, tusimwonee. Kule Rabai, karibu na Mombasa, watumwa waliotoroka walikimbilia misheni. Mabwana wao wakaja kuwadai. Kati ya 1888 na 1889 kampuni ya Waingereza ikalipa fidia, na zaidi ya 1,000 wakapewa hati za uhuru.

Sasa nawauliza, watu wa Kibera na Kawangware: binti akimtoroka mwajiri wa Ghuba aliyemnyang'anya pasipoti, akarudi mikono mitupu, mbona tunamcheka? Mbona tunamwambia, "Si ungevumilia tu"? Nasema huko ni kumrudisha utumwani kwa mdomo. Mama, mfungulie mlango. Mpe chai. Usimuulize pesa. Amina.