Shahidi wa Kwanza: Usajili wa Mashine na Dhima ya Binadamu katika Mwambao wa Tanganyika

Swali la nani apokewe katika jumuiya, na kwa ushahidi wa nani, ni la kale katika fikra za dini na falsafa, nalo limerudi kwa sura mpya tangu kazi ya kuingiza watu wapya katika mifumo ya kompyuta ilipoanza kuachiwa mashine. Usajili wa kiotomatiki ni utaratibu ambao taarifa ya mtu, ikishaandikwa mahali pamoja, husafirishwa na programu hadi kwenye mifumo mingine pasipo mtu wa pili kuulizwa: mtumishi mpya akiingizwa katika kumbukumbu za ajira, programu humfungulia anwani ya barua pepe, humweka katika orodha ya mishahara na kumpa ruhusa zinazolingana na cheo chake, yote hayo kabla hajaonyeshwa kiti cha kukalia. Manufaa yake hayana ubishi, kwa kuwa kazi iliyochukua siku nyingi humalizika kwa dakika chache, na makosa ya kunakili hupungua. Linalobaki kuulizwa ni hili: mashine inapomkubali mtu, ni nani hasa aliyemkubali, na ni nani atakayejibu endapo amekubaliwa au kukataliwa isivyo haki?

Mkoani Kigoma swali hili liliwafikia watu wengi kupitia laini ya simu. Kuanzia Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole, na muda wa mwisho, uliokuwa umewekwa Desemba 31 mwaka huo, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, kwa sababu wananchi wengi walikuwa bado hawajapata namba ya utambulisho inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA. Wakala wa simu katika soko la Mwanga au kando ya bandari ya Ujiji huweka kidole cha mteja juu ya kifaa kidogo, kifaa hicho huuliza hazina ya kumbukumbu ya NIDA, na jibu likirudi, laini hufunguliwa. Laini hiyo humpa mteja akaunti ya fedha za simu. Akaunti humpa nafasi ya kukopa, na namba ileile ya utambulisho huweza kumfungulia akaunti ya benki. Mvuvi wa dagaa anayelipwa kwa simu na mama anayenunua mawese kwa jumla wote wameingia katika mifumo hiyo kwa mlango mmoja, na mlango huo ukifungwa, iliyo nyuma yake yote hufungwa pia.

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri zaidi mtu akiikumbuka historia ya mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, ambao tangu zamani umekuwa mahali pa kuvuka. Misafara ya karne ya 19 iliwaleta Ujiji Wamanyema kutoka mashariki ya Kongo, ambao vizazi vyao ni wenyeji wa mji huo hadi leo. Waha wa bara la mkoa huo huzungumza lugha iliyo karibu sana na Kirundi. Na wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliishi nchini kwa zaidi ya miaka 40 kabla serikali haijawapa uraia takriban 162,000 miongoni mwao. Mei 2015, maelfu ya Warundi walijazana katika kijiji cha Kagunga, wakavushwa kwa meli ya MV Liemba hadi Kigoma mjini, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, iliyokuwa tayari na Wakongo waliofika tangu mwaka 1996. Katika mkoa wa namna hii, jina la ukoo, lafudhi au kijiji alikozaliwa bibi ya mtu havitoshi kumwambia yeyote nani ni raia na nani ni mgeni. Ndiyo sababu fomu ya kuomba kitambulisho hupita kwanza mkononi mwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na maofisa wa Uhamiaji hushiriki kuhakiki uraia wa mwombaji. Kabla ya mashine kusema lolote, binadamu amekwisha kusema.

Elimu ya hadithi za Mtume Muhammad, ambayo masheikh wa Ujiji wameifundisha kizazi baada ya kizazi, ina chombo cha fikra kinachofaa sana kulipima jambo hili. Chombo hicho ni isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi ambao kila mmoja humtaja aliyempa habari, hadi kumfikia aliyeisikia au kuiona kwa mara ya kwanza. Wanazuoni wa fani hiyo, akiwemo Imamu Bukhari aliyefariki mwaka 870, hawakuridhika na uzuri wa maneno ya habari. Walitaka mlolongo uwe umeungana, kila mpokezi awe na uadilifu, maana yake mwenendo wa kuaminika, na awe na udhabiti, maana yake uangalifu wa kuihifadhi habari kama alivyoipokea. Mpokezi mmoja dhaifu huidhoofisha riwaya nzima hata kama wenzake wote ni mahodari, kwa kuwa nguvu ya walio baadaye haiwezi kumtibu aliyetangulia.

Usajili wa kiotomatiki ukipimwa kwa kanuni hiyo, huonekana kuwa mlolongo wa wapokezi ambao kiungo chake cha kwanza peke yake ndicho kilichomwona mtu. Mtendaji wa kijiji amemtazama mwombaji, amewauliza wazee, ameweka mhuri. Viungo vinavyofuata, yaani hazina ya kumbukumbu, kifaa cha wakala, mfumo wa benki na orodha ya mishahara, hupokea na kupitisha. Kwa upande wa udhabiti, mashine humshinda binadamu kwa mbali, maana haisahau herufi wala haichanganyi tarehe. Kwa upande wa uadilifu, haina chochote cha kupimwa, kwa sababu haiwezi kusema kweli wala uongo. Hupitisha ukweli wa shahidi wa kwanza na uongo wake kwa uaminifu uleule. Anayeiamini mashine, basi, anamwamini mtu ambaye huenda hajui hata kwamba ameaminiwa kiasi hicho.

Wanazuoni hao waliweka pia tofauti kati ya habari iliyopokewa kwa njia nyingi zisizotegemeana, ambayo huitwa mutawatiri na huleta yakini, na habari ya njia moja au chache, ambayo huitwa ahadi na huhitaji kuchunguzwa. Hatari kubwa ya kifikra katika mifumo iliyounganishwa ni kuifanya habari ya namna ya pili ivae sura ya ile ya kwanza. Mtu ambaye jina lake limeandikwa vivyo hivyo na kampuni ya simu, benki, hospitali na mwajiri huonekana kuwa ameshuhudiwa na mashahidi wanne, ilhali wote wanne wameuliza hazina moja na kulirudia jibu lake. Vivyo hivyo, yule aliyekataliwa na wote wanne huonekana kuwa na kasoro isiyo na shaka, na akilalamika huambiwa kwamba mifumo yote inasema hivyo, ingawa kwa kweli ofisa mmoja alikosea tahajia ya jina lake au alitilia shaka asili ya baba yake. Wingi wa skrini si wingi wa ushahidi, na anayeamua juu ya riziki ya mtu analazimika kuijua tofauti hiyo.

Kuna hoja nzito inayostahili kusikilizwa hapa. Watetezi wa mashine husema kwamba binadamu mlangoni amekuwa chanzo cha dhuluma kwa muda mrefu: huomba chochote kabla ya kupiga mhuri, huwapendelea jamaa zake, huwazungusha maskini, na huweza kumhukumu mtu kwa kabila, ilhali mashine haina jamaa wala kabila, na huwahudumia wa Gungu mjini na wa Mahembe kijijini kwa kasi moja. Hoja hii ni ya kweli kwa sehemu kubwa, na anayeidharau hajakaa foleni katika ofisi za umma. Hata hivyo, haithibitishi kwamba upendeleo umeondoka. Inathibitisha kwamba umesogezwa nyuma hadi penye ushahidi wa kwanza, mahali ambapo macho ni machache, na ukishapita hapo husambaa kote bila kuonekana tena. Ofisa mwonevu aliyekaa dirishani angeweza kujulikana kwa jina, kushtakiwa na kuhamishwa. Uonevu uliokwisha kugeuka kuwa taarifa humkuta mtu kila dirisha, na kila aliye dirishani humwambia kwa unyoofu kwamba yeye hana uwezo.

Mapokeo ya dini zote mbili kubwa za mkoa huu yalikuwa na kinga dhidi ya hali hiyo. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, waliofika Ujiji mwaka 1879, waliagizwa na Kardinali Lavigerie kuwaandaa waombaji ubatizo kwa miaka minne, na kila aliyebatizwa aliandikwa katika daftari la misheni pamoja na jina la msimamizi wake, mtu mzima aliyebeba dhima ya malezi yake ya imani. Katika Uislamu, ushahidi ni amana, na anayeshuhudia asilolijua hujitwika mzigo mbele ya Mungu, si mbele ya kadhi peke yake. Kinachofaa kuigwa katika mapokeo hayo si kasi ya mambo, kwani mfanyabiashara wa Kibirizi hawezi kungoja miaka minne afunguliwe akaunti. Ni kwamba kila aliyeingia aliingia kwa jina la mtu aliyekuwa tayari kuulizwa. Naye Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alionyesha kwamba sheria husema kwa ujumla na haiwezi kuona mbele kila hali, hivyo haki hudai awepo mwenye hekima wa kuirekebisha pale inapomkuta mtu ambaye mtunga sheria hakumfikiria. Mwambao wa Tanganyika umejaa watu wa namna hiyo.

Dhima hiyo haiishii katika kupokea, kwa kuwa aliyeingizwa na mashine hubaki ndani mpaka mtu aiambie kwamba ameondoka. Uhakiki wa watumishi hewa wa mwaka 2016, ulioondoa zaidi ya majina 10,000 katika orodha ya mishahara ya serikali, ulionyesha kwamba mfumo huweza kuendelea kumlipa aliyefariki au aliyestaafu kwa uaminifu kamili, kwa sababu hakuna aliyerudi kuuambia ukweli mpya. Ushahidi wa kutoka una uzito sawa na ushahidi wa kuingia, na masahihisho yanapaswa kusafiri njia ileile iliyosafiriwa na kosa, hadi kiungo cha mwisho.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kutambua sehemu ya haki hii, kwani inampa mtu nafasi ya kudai taarifa zake zirekebishwe, na ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika uamuzi unaomgusa kwa uzito. Sheria hiyo itakuwa na maana Kasulu, Kibondo na Ujiji pale tu kila taasisi inayosajili watu kwa mashine itakapoandika, pembeni mwa kila jina, ni nani aliyeshuhudia kwanza, na itakapomweka mtu mmoja anayejulikana, mwenye mamlaka ya kusikiliza na kusahihisha. Wahandisi wa mifumo waijenge nafasi hiyo tangu mwanzo; viongozi wa dini wawakumbushe watendaji wa vijiji kwamba mhuri wao ni kiapo; na mtendaji mwenyewe, kabla ya kutia saini, ajue kwamba baada yake hakuna mwingine atakayemtazama usoni mtu huyo.